Nilimsifu Dokta Threadgill, Wakasoma Tishio

Wiki iliyopita mliniacha sina kazi. Bwana Hollis wa duka la matairi alinifukuza kwa sababu nilimjibu mteja kwa beti. Mteja akaona amedharauliwa, na kweli nilikuwa nimemdharau.

Waliokosa sehemu ile wasihangaike. Jueni haya tu: naitwa Cortez Broadnax, mzaliwa wa Oakland, mshairi ambaye hakufundishwa na mtu. Chuo sikusoma. Lakini kila Jumanne asubuhi nilikuwa naingia darasa la chuo bila kusajiliwa, bila kulipa, bila kuona haya.

Darasa lenyewe ni la Masomo ya Watu Weusi. Mwalimu ni Dokta Odessa Threadgill. Na leo nawaeleza jinsi nilivyomwingiza mama huyo matatani kwa kumsifu.

Nikikumbuka, hata sasa nashindwa kukaa kitini. Naandika nimesimama.

Aliyenipeleka ni Renita Gadson, jirani yetu wa mlango wa pili. Renita anasoma pale kwa ufadhili, na mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Unajiita mshairi," aliniambia siku moja akiwa anatoa takataka. "Njoo usikie mtu anayejua kuongea."

"Mimi nifundishwe kuongea?"

"Ndiyo. Mashairi yako yananuka matairi."

Nikaenda kwa hasira. Nikakaa nyuma kabisa, mikono nimeikunja kifuani.

Dokta akaingia. Mama mfupi, mvi amezikata karibu na kichwa, miwani inaning'inia kwa kamba. Macho yake yalinikuta kabla hajaweka mkoba mezani.

"Wewe nani?"

"Cortez."

"Cortez wa nani? Una watu wako, au ulidondoka?"

Darasa likacheka. Nikasema, "Broadnax."

"Bwana Broadnax, karibu. Humu ndani kila mtu ni Bwana au Bibi, kwa sababu babu zako waliitwa 'we kijana' mpaka wanazikwa. Ishushe hiyo mikono, hakuna anayetaka kukuibia."

Kisha akafundisha. Na hapo ndipo nilipokwisha.

Siku ile alikuwa ameleta matangazo ya magazeti ya kale. Utumwa ulipokomeshwa, watu walioachwa huru walitangaza magazetini wakitafuta ndugu zao waliouzwa. Dokta akayagawa, kila mwanafunzi na lake. Akasema: simama, soma kama ni mama yako.

Akasimama jamaa mmoja mpana, mchezaji wa mpira, Wendell Stokes. Akasoma mbiombio kama anayesoma maelekezo ya dawa.

"Namtafuta mama yangu Dicey. Mara ya mwisho nilimwona juu ya mkokoteni, Richmond. Mimi nilikuwa mdogo, kidevu changu ndiyo kwanza kinafika mezani..."

Dokta akapiga meza. Kofi la kweli.

"Rudia! Huyo mtu alilipia kila neno, Bwana Stokes. Wewe unayameza bure!"

Wendell akarudia. Safari hii sauti ikaanza kukwama. Darasa likaanza kumsaidia, kama tunavyofanya kanisani mhubiri anapozidiwa: "Chukua muda wako, kaka. Chukua muda wako." Alipofika tena kwenye kidevu, hakuendelea. Akabaki amesimama na lile limwili lake, karatasi ameibana kifuani.

Na Dokta mwenyewe alikuwa analia. Alilia wazi, hakujifuta. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa niambieni. Kwa nini alitaja kidevu? Kwa nini hakutaja umri?"

Akajijibu mwenyewe:

"Kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia amezaliwa lini! Alikuwa na meza tu ya kujipimia!"

Renita akaruka kitini. "Ameua! Dokta ameua!"

Darasa zima likapokea. "Ameua!"

Mimi niliyekuja kudhihaki nilikuwa nimelowa uso mpaka shingoni.

Kwetu ndivyo tunavyosema. Mhubiri akishusha mahubiri yakakamata watu, ameua. Mama mdogo Verdell, niliyelelewa kwake, akitoa mkate wa mahindi kwenye tanuri ukaisha kabla haujapoa, ameua. Ukimwambia mtu "umeniua leo", anakushukuru. Hilo mliweke akilini, maana ndilo lililotuponza.

Tangu siku ile sikukosa Jumanne hata moja.

Muhula ulipokaribia kwisha ikaja siku ya maoni. Utaratibu wao ni huu: mwalimu anatoka nje, mlango unafungwa, wanafunzi wanaandika bila majina wanavyomwona anavyofundisha. Mmoja wao anakusanya karatasi, anaziba bahasha, anaipeleka ofisini. Siku hiyo mkusanyaji alikuwa Renita.

Dokta alipotoka, aligeukia mlangoni. "Semeni kweli. Nikiwa nachosha, semeni nachosha. Msinibembeleze, mimi si mtoto wenu."

Renita akagawa. Ikabaki karatasi moja. Akaniangalia, akatabasamu lile tabasamu lake la shari.

"Mshairi. Na wewe toa maoni."

"Mimi si mwanafunzi."

"Unaandika au unaogopa?"

Jamani. Mimi mtu akiniuliza kama naogopa, huwa sisikii tena kitu kingine. Nikaivuta ile karatasi, nikaandika ubeti mmoja kwa mkupuo, bila kufuta hata neno:

*Huyu mama ni hatari, haingii na utani,*
*Anaua kwa habari, za wazee wa zamani,*
*Ukiingia jeuri, utabebwa machelani,*
*Uchukue tahadhari, uwaage wa nyumbani.*

Nikamsomea Renita kwa kunong'ona. Akaziba mdomo asicheke. "Mpumbavu wewe, umeua."

Karatasi ikaingia kwenye bahasha. Mimi nikaenda zangu nikijiona nimempa Dokta zawadi ambayo hakuna msomi yeyote pale angeweza kumpa.

Wiki chache zikapita. Siku moja nikiwa jikoni natafuta kambale aliyebaki, simu ikalia.

"Cortez, umelikoroga," alisema Renita. Hakusalimia.

"Nimekoroga nini?"

"Shairi lako liko mezani kwa kamati. Wanasema ni tishio."

"Tishio la nini?"

"La kuua! Wamepiga mistari chini ya maneno. Hatari. Anaua. Machelani."

"Machelani? Huo ndio mstari mzuri kuliko yote!"

"Cortez! Nisikilize mara moja katika maisha yako!"

Akanieleza. Kamati ile ndiyo iliyokuwa inaamua kama Dokta Threadgill apewe ajira ya kudumu au afungashe vitabu vyake muhula ukiisha. Ukiacha wachache walionung'unika, maoni ya wanafunzi yalikuwa mazuri. Lakini karatasi moja iliwatia baridi. Mmoja kwenye kamati aliona ni mwanafunzi anayemwogopa Dokta, anawaonya wenzake. Wengine waliona ni mtu aliyepanga kufanya fujo darasani. Vyovyote vile, waliona darasa lile si mahali salama.

"Kwani hawajui maana ya ameua?" niliuliza.

"Watu wale wakisikia ameua wanaita gari la wagonjwa."

"Basi nitaenda niwaeleze."

"Hapo ndipo hutakiwi kufika!" Akashusha sauti. "Mwaka jana Dokta aliandikiwa onyo. Alikuwa anaruhusu watu wa mtaani kukaa darasani. Wakamwambia, akikutwa tena na mtu asiyesajiliwa, ndiyo mwisho wake, hakuna mjadala."

Nikasimama na kambale mkononi.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua hutarudi."

Kambale yule sikumla.

Kikao kilikuwa cha wazi. Wanafunzi waliruhusiwa kuingia na kusema. Renita alinikataza nisiende, nikamwambia nitakaa kimya. Akasema wewe na kimya hamjawahi kukutana. Nikaapa.

Asubuhi ile Mama mdogo Verdell alinikuta napiga pasi shati.

"Una kesi?"

"Naenda chuoni."

"Haya. Kakae wima. Na hivyo vibeti vyako uviache hapo kwenye kochi, utavikuta."

Laiti ningeviacha.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na watu watatu nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa Profesa Aldrich, mama mmoja mweupe, mwembamba, mpole wa sauti mpaka unasogeza kiti ili umsikie. Dokta Threadgill alikaa pembeni peke yake, mikono mapajani. Hakuruhusiwa kusema mpaka aulizwe. Kumwona mama yule amekaa kimya ilikuwa kama kuona redio imefunikwa na shuka.

Aliponiona naingia na Renita, macho yake yalisimama kwangu kidogo. Kisha yakaondoka.

Profesa Aldrich akaanza kusoma maoni.

"'Anapaza sauti mno. Nimehama kiti mara tatu na bado ananipata.'"

Vicheko.

"'Nilikuja kutafuta alama rahisi. Nilipotea njia.'"

"Huyo ni mimi!" Wendell Stokes alisema toka nyuma, alikokaa na darasa letu lote. Mwenyekiti akamwomba asijitaje.

"'Vitabu ni vingi mno. Mchumba wangu ameniacha kwa sababu nasoma hata mkahawani. Namshukuru Dokta, yule kaka hakuwa na maana.'"

Renita akaangalia dari. Nikamtazama. "Wewe?" Akanikanyaga mguu.

"'Mimi ni mzungu, natoka Fresno. Kila wiki natoka darasani nimekasirika, na kila wiki nampigia baba simu kumuuliza maswali ambayo hana majibu. Sijui kama hili ni lalamiko.'"

"'Alilia darasani. Sikujua niangalie wapi. Mwalimu hatakiwi kulia.'"

Dokta alitikisa kichwa taratibu kama aliyekubali.

"'Anatuita Bwana na Bibi. Nilidhani anatutania. Kisha nikampigia bibi yangu nikamwambia, akakata simu, akanipigia tena baada ya saa nzima, alikuwa amelia.'"

Nikafikiri: basi tumeshinda, fungeni tuondoke.

Profesa Aldrich akachukua karatasi nyingine. Akaishika kwa ncha za vidole.

"Na hii," alisema, "ndiyo inayotupa wasiwasi."

Akasoma shairi langu.

Ndugu zangu, nimewahi kutukanwa. Nimewahi kufukuzwa jukwaani kabla sijamaliza ubeti. Lakini sijawahi kutendewa kama mama yule alivyonitendea kwa upole wake. Alilisoma kama taarifa ya polisi. Hakusimama penye pumziko, akapita juu ya vina kama gari lililokatika breki. "Huyu mama. Ni hatari. Haingii na. Utani." Alipofika kwenye 'machelani', aliweka karatasi chini na kuwaangalia wenzake.

Miguu yangu ilikuwa inacheza chini ya kiti. Renita alinishika goti. "Usithubutu."

"Mwandishi anataja kifo," alisema Aldrich. "Anataja majeruhi. Anawashauri wenzake waziage familia zao. Sisi hatuwezi kupuuza hofu ya mwanafunzi."

"Kwanza hujalisoma vizuri," nikasema.

Nilikuwa nimeshasimama. Sijui nilisimama saa ngapi.

Na hapa nitasema kweli, kwa sababu hakuna maana ya kuwasimulia mambo haya halafu nijipambe. Mngependa niseme nilisimama kwa ajili ya Dokta. Nusu ni hivyo. Nusu nyingine nilisimama kwa ajili ya pumziko la katikati ya mstari. Sikuweza kuvumilia kusikia mstari wangu ukivunjwa miguu mbele za watu.

"Samahani?" alisema Aldrich.

"Hilo ni shairi, Profesa. Kila mstari una pande mbili. Hatari inagongana na habari, utani na zamani. Lisome hivi."

Nikalisoma. Bila karatasi. Nililisoma kama linavyotakiwa, na nilipofika kwenye 'wa nyumbani', darasa zima lile lilipiga kelele kwa pamoja, "Ameua!"

"Mnasikia?" nikasema. "Mimi nimewaua? Mbona wanacheka? Kwetu kuua ni kufanya jambo mpaka hakuna wa kuongeza. Hatari ni mtu anayekutikisa. Aliyebebwa kwenye machela ni yule aliyeingia na kiburi chake, na kiburi ndicho kilichokufa! Hiyo karatasi si hofu. Hiyo ni sifa. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwenye bahasha yenu yote."

"Sema, kaka!" alisema Wendell.

"Nasema! Mkienda kanisani kwetu Jumapili mtasikia tumeua wahubiri tangu asubuhi, na wote wanarudi kula chakula cha mchana."

Hata yule mzee kwenye kamati, aliyekuwa anasinzia, akacheka mpaka akakohoa. Profesa Aldrich aliichukua tena ile karatasi. Akaisoma kimyakimya, midomo ikicheza. Nikaona amelipata lile pumziko. Akatabasamu.

"Kwa hiyo ni sifa," alisema.

"Ni sifa."

"Nakushukuru. Nimejifunza kitu."

Nikakaa. Jamani, nilikaa kama mfalme. Wendell alinipiga bega. Renita mwenyewe alipumua. Nikamwangalia Dokta nikitegemea angalau jicho moja la ahsante.

Dokta alikuwa amefumba macho.

"Basi nina swali jingine," alisema Aldrich, na sauti yake ilikuwa vilevile, pole, ya kusogezewa kiti. "Karatasi za darasa hili zimezidi wanafunzi. Kuna moja ya ziada. Tulipodhani hili ni tishio, wengine wetu walifikiri kuna mtu mwenye kinyongo amepenyeza karatasi. Lakini mwenye kinyongo haandiki sifa."

Akageuka.

"Dokta Threadgill, ni nani anayenufaika na karatasi ya ziada yenye sifa?"

Ilinichukua muda kuelewa. Kisha nikaona sifa yangu imegeuka ushahidi dhidi yake.

"Nilikuwa nje ya chumba," alisema Dokta. "Kama mnavyotaka."

"Lakini bahasha ilifika kwetu kesho yake, kutoka mkononi mwako."

"Ofisi ilikuwa imefungwa!" Renita alisimama. "Mimi ndiye niliyempa aniwekee! Ilikuwa imezibwa!"

"Bibi Gadson, gundi ya bahasha hizi tunaijua sote, inabanduka na kubandikika tena. Kaa, tafadhali."

Renita akakaa. Akaniinamia sikioni, meno yameumana.

"Unaona? Wangelisoma kama tishio, wangemwambia apunguze sauti, basi. Sasa ni mwizi wa kura. Umemtoa kwenye mvua umemtupa mtoni."

"Nitasema ni mimi."

"Ukisema ni wewe, ulikuwa darasani. Na kama ulikuwa darasani, onyo limemkuta. Kaa kimya, Cortez. Nakuomba. Nakuomba kama dada yako."

Nilijaribu. Nawaapia nilijaribu. Niliangalia sakafu. Niliuma ulimi. Lakini yule mzee aliyekuwa akisinzia alimnong'oneza mwenzake, na chumba kile kilikuwa kimya mno, kila mtu akasikia: "Kajiandikia mwenyewe. Aibu gani hii."

Dokta alisikia. Aliishika miwani yake pale ilipokuwa inaning'inia, akaishika tu.

Nikasimama.

"Mimi ndiye niliyeandika."

Renita akaweka uso viganjani.

"Wewe?" Aldrich alivuta orodha ya darasa. "Jina lako?"

"Cortez Broadnax."

Kidole chake kikashuka kwenye orodha. Kikafika chini. Kikapanda tena.

"Humu haumo, kijana."

"Bwana Broadnax," nikasema.

"Samahani?"

"Naitwa Bwana Broadnax. Na ubeti huo ni wangu. Nipe kalamu niuandike hapa, mlinganishe mwandiko."

Wakanipa kalamu. Nikaandika nikiwa nimeinama juu ya meza yao, kwa hasira, lakini herufi zangu ni herufi zangu. Watatu wale wakaweka karatasi mbili sambamba. Wakatazamana. Yule mzee akasema, "Ni yeye."

Kwa dakika hiyo moja nilikuwa nimemwondolea Dokta wizi. Nilijua pia nimemtia kwenye lile kosa jingine, la onyo. Nikaanza kutafuta uongo. Niliokota karatasi nje. Nilipewa na mtu nisiyemjua. Kila uongo ulionijia ulikuwa na shimo, na mimi si hodari wa uongo, mimi nina kiburi, na kiburi na uongo havikai nyumba moja vizuri.

Aldrich hakuniuliza mimi. Alimgeukia Dokta.

"Dokta Threadgill. Onyo la mwaka jana unalikumbuka."

"Nalikumbuka."

"Kijana huyu amekuwa akikaa darasani kwako?"

Renita alinishika mkono wa shati nyuma. Sijui alikuwa ananizuia au alikuwa anajishikilia asianguke.

Dokta Threadgill alisimama. Hakuwa ameombwa kusimama. Mama huyu aliniuliza jina langu siku ya kwanza mbele ya watu wote, akajua lina ukoo. Nilipompa beti zangu azisome, alinirudishia karatasi ikiwa imejaa wino wake mpaka pembeni, akaandika chini, "Hapa unadanganya, hapa unaogopa, hapa umeua." Alijua nikibaki atapoteza kazi, na akakataa nisiambiwe.

Alinitazama usoni. Alinitazama vizuri, bila kupepesa, kama mtu anayejaribu kukumbuka.

"Sijawahi kumwona mtu huyu," alisema.

Wendell Stokes aliinuka nusu, akakaa tena.

Kuna kitu kilinishika. Hakikuwa huzuni. Afadhali kingekuwa huzuni. Sikujua kama ananiokoa mimi, au anajiokoa yeye, au ameona darasa lote lile na wote watakaolisoma miaka ijayo, akapima, akaona mimi ndiye wa kutupwa. Nilijua tu kwamba nimekanwa hadharani, na watu ninaowajua kwa majina wanaangalia viatu vyao.

Profesa Aldrich aliweka kalamu chini.

"Basi tuna tatizo," alisema. "Karatasi hii iligawiwa ndani ya chumba chake, mlango ukiwa umefungwa. Wewe umethibitisha uliiandika. Yeye anasema hajawahi kukuona. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Mmoja wenu ameidanganya kamati hii."

Akanigeukia. Na safari hii alilitamka jina vizuri kabisa.

"Ni nani, Bwana Broadnax?"

Dokta alikuwa bado amesimama. Hakunitikisia kichwa, hakunikonyeza, hakuniomba kitu. Wale watatu waliinama mbele. Darasa zima liligeuza vichwa. Hata mlangoni, waliokuwa wanapita walisimama.

Chumba kizima kilinyamaza kunisikiliza mimi. Maisha yangu yote nilikuwa nimekiomba kimya kama kile.